Taa ya Kijani Si Cheti: Niliyojifunza kwa Kuvuta Kebo za Mtandao

Mteja akiniambia mtandao wake unakuwa mzito kuanzia saa nne asubuhi, siulizi kwanza habari za kampuni inayomuuzia intaneti. Naomba ufunguo wa chumba cha raki, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa vya mtandao, na ngazi. Saa nne ndipo watu wote wameshafika kazini, wamefungua kompyuta na kuanza kutumiana mafaili mazito. Kebo mbovu haina usumbufu jengo likiwa limelala. Husumbua inapopewa kazi.

Mimi kazi yangu ni kuvuta na kufunga kebo za mtandao kwenye majengo ya biashara: ofisi, maghala, hospitali, popote penye meza nyingi na raki moja inayozilisha zote. Ikikamilika, karibu yote imefichwa juu ya dari na ndani ya kuta, kinachobaki ni kitundu kidogo ukutani. Ndiyo maana watu wengi, mafundi wenzangu wakiwemo, huipima kwa kitu kimoja tu: taa ya kijani kwenye swichi, kifaa cha kwenye raki kinachounganisha kebo zote za mtandao, imewaka au haijawaka. Miaka ya kukaa juu ya ngazi imenifundisha kutoiamini hiyo taa. Inachosema ni kwamba vifaa viwili vimesikiana. Vimesikiana kwa shida kiasi gani, haisemi.

Kuna ofisi niliitwa baada ya fundi wao wa kompyuta kubadilisha swichi, kisha ruta, kisha akaanza kubadilisha kompyuta zenyewe. Kila soketi alikuwa ameipima kwa testa ndogo ya taa nane, ile inayowaka moja, mbili, tatu, mpaka nane upande wa pili. Zote zilipita. Nilifungua soketi ya kwanza, nikatazama rangi, sikuhitaji kufungua ya pili. Aliyezifunga alizipanga nyaya kwa namna inayopendeza macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-buluu, buluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kila rangi kando ya mwenziwe. Upande wa raki naye alifanya vivyo hivyo, kwa hiyo namba 1 ilifika kwa namba 1 na namba 8 kwa namba 8, na testa ikaridhika.

Lakini vifaa vya mtandao havitumii waya mmoja mmoja, vinatumia jozi. Na mojawapo ya jozi hizo hukaa kwenye pini 3 na 6, nyingine ikikaa katikati yake kwenye 4 na 5. Kwa mpangilio wa yule fundi, pini 3 ilipata nyeupe-kijani na pini 6 ikapata buluu, nyaya mbili ambazo kiwandani hazikusokotwa pamoja. Pini 4 na 5 nazo zilipata kijani na nyeupe-buluu. Jozi mbili kati ya nne zilikuwa zimevunjwa, na testa ya taa nane haina uwezo wa kuona jambo hilo, kwa sababu yenyewe huuliza tu kama waya umefika.

Msokoto ndio kazi yenyewe. Ishara hupita kwenye nyaya zote mbili za jozi kwa kinyume, moja ikipanda nyingine inashuka, na kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyopo kati yao. Kelele ya umeme ikitoka nje huzipata zote mbili karibu sawasawa kwa kuwa zimekumbatiana, hivyo tofauti ile haiguswi. Ukizitenganisha, kila moja inabeba kelele yake. Kata kipande cha kebo ukitazame vizuri: jozi zote nne hazikusokotwa kwa mbano mmoja. Zimetofautishwa makusudi ili jozi jirani zisivujishiane ishara. Kiwanda kimehangaika na hilo kwa urefu wote wa kebo, halafu fundi anakuja kuliharibu kwenye sentimita ya mwisho.

Pale ofisini, hesabu ya makosa ya CRC, yaani vifurushi vya data vilivyofika vimeharibika, kwenye swichi ilikuwa ikiongezeka kila nikiitazama. Vifurushi vilivyoharibika njiani hutupwa, programu inavituma upya, na aliyekaa mezani anaona ukurasa unasuasua. Dawa ilikuwa kukata ncha zote na kuzifunga upya, soketi na raki, ghorofa nzima. Vifaa vipya vilivyonunuliwa havikuwa na kosa lolote, na vile vya zamani pia havikuwa nalo.

Mafundi hupenda kubishana juu ya T568A na T568B, mipangilio miwili rasmi ya rangi za nyaya, mpaka chai inapoa. Tofauti ya mipangilio hiyo ni kwamba jozi ya chungwa na jozi ya kijani zimebadilishana nafasi, basi. Hakuna iliyo na kasi zaidi. Ninachofanya ni kufungua soketi za zamani za jengo kabla sijafunga hata moja, nione waliotangulia walitumia ipi, na kuifuata hiyo. Jengo lenye mipangilio miwili ni mtego kwa atakayekuja baada yako.

Mzee aliyenilea kwenye kazi hii alikuwa akikagua soketi kwa kuigeuza nyuma. Mbele hakutazama kabisa. "Nionyeshe ganda limeishia wapi," ndilo neno lake. Alitaka ganda la kebo liingie mpaka kwenye mgongo wa soketi, na msokoto wa kila jozi ufike mpaka kwenye meno ya chuma. Kiwango kinaruhusu kufumua msokoto usiozidi milimita 13. Yeye alikuwa akisema ukihitaji hizo 13 zote, mikono yako bado mizito. Kwenye Cat 6, mojawapo ya madaraja ya kebo, mara nyingi kuna uti wa plastiki katikati, wenye umbo la msalaba, unaozitenga jozi. Ukate sawasawa na ganda. Ukiuacha mrefu unazisukuma jozi nje ya mahali pake.

Kisu cha kumenyea ganda ni mahali pengine pa kuwa mpole. Zungusha mara moja, kunja kebo kidogo, ganda litaachana lenyewe. Anayekata mpaka ndani huchanja ngozi ya waya, na jeraha hilo halionekani mpaka siku mtu anapoivuta ile soketi kutoka ukutani. Kifaa cha kupanchia, yaani kusukumia waya kwenye meno ya soketi, kina upande wenye makali na upande butu: makali yatazame nje, kwenye ncha inayotupwa. Nimekuta pachi paneli, ubao wa soketi ulio kwenye raki, ambayo safu nzima ilipanchiwa kinyume, na nyaya zilizokatwa zilikuwa ni zile zinazokwenda kwa wateja.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii huliuliza sana ni kwa nini tusikrimpu, yaani tusibane kwa koleo, plagi kwenye kebo ya ukutani tukaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kebo ya kudumu ina waya mmoja mgumu wa shaba ndani ya kila rangi. Waya huo unapitisha ishara vizuri lakini hautaki kukunjwakunjwa. Pachi kodi, ile fupi ya mezani, ina nyuzi nyingi nyembamba zinazovumilia kukunjwa. Kwa hiyo kebo ngumu inaishia kwenye soketi na kwenye pachi paneli, inatulia hapo maisha yake yote, na pachi kodi ndiyo inayoteseka na miguu ya viti. Kwa kamera na vifaa vya Wi-Fi vya darini ambavyo hakuna anayevigusa, plagi moja kwa moja inakubalika, ila iwe plagi iliyotengenezwa kwa waya mgumu. Meno yake ni tofauti na ya plagi za kebo laini.

Sasa kuvuta. Watu hudhani kuvuta ni nguvu, na vijana wenye mabega hujitokeza wa kwanza. Kebo ya jozi nne haitakiwi kuvutwa kwa zaidi ya niutoni 110, ambayo ni kama uzito wa kilo 11 ukining'inia. Mtu mzima akikaza mguu ukutani anapita hapo bila kujua. Msokoto unanyooka, jozi zinabadilika umbo, na kwa nje ganda linaonekana zima. Kebo ikikataa kuja, mtu apande akaangalie imenasa wapi. Hatuongezi mtu wa pili wa kuvuta. Kona nayo isibane: nusu kipenyo cha mkunjo kisiwe kidogo kuliko mara nne ya unene wa kebo. Na ikijifunga fundo ikatoka na mvunjiko mweupe kwenye ganda, usiinyooshe kwa vidole ukadhani imepona. Ikate hapo, au uitupe.

Kila boksi la kebo lina mita 305, na kwenye ganda kuna namba zinazohesabu urefu. Kabla ya kuvuta tunaandika namba ya mwanzo, tukikata tunaandika ya mwisho. Tabia hiyo ndogo inaokoa mambo mawili. Unajua boksi limebaki na kiasi gani, kwa hiyo huanzi mvuto mrefu na kebo isiyofika. Na unajua urefu wa kila mstari kabla hujaleta mashine ya kupima.

Urefu ndio ugomvi wangu mkubwa na wachora ramani. Kiwango kinatoa mita 100 kutoka kifaa mpaka kifaa: mita 90 za kebo ya kudumu, na mita 10 za pachi kodi za pande zote mbili zikijumlishwa. Mchoraji anaweka rula kwenye karatasi kutoka raki mpaka meza, anasoma mita 70, anasema tuko salama. Lakini kebo haipai kama ndege. Inapanda kutoka raki mpaka trei ya kubebea kebo juu ya dari, inafuata korido, inazunguka bomba la hewa, inashuka ukutani mpaka chini ya meza, na inahitaji ziada kidogo kila upande. Sabini za karatasi zinakuwa 95 za kweli. Siku hizi natembea njia nzima mwenyewe na kipimo kabla ya bei kuandikwa, na pakizidi ninaomba chumba cha pili cha raki, kiunganishwe na cha kwanza kwa faiba. Ombi hilo hukubaliwa kirahisi siku ya kwanza. Dari ikishafungwa hakuna anayetaka kulisikia.

Juu ya dari kuna dunia ya watu wengi. Fundi umeme, fundi wa viyoyozi, fundi wa mabomba ya kuzimia moto, na sisi, wote tunagombea nafasi ileile, na sisi huitwa mwisho. Kwa haraka utaona kebo za mtandao zimelazwa juu ya vipande vya dari au zimefungwa kwenye bomba la kuzimia moto. Bomba lile si la kubebea kitu kingine chochote, na mkaguzi akiliona atasimamisha kazi, kwa haki kabisa. Kebo inatakiwa trei yake, au ndoano zake zisizoachana zaidi ya mita moja na nusu. Na umeme uwe mbali. Njia zikilazimika kukutana, zikatizane kwa msalaba, zisitembee sambamba. Taa za mirija nazo tunazipitia kando.

Kufunga mafungu tunatumia mikanda ya kunata, ile ya kitambaa. Vibanio vya plastiki vinavutia, vinakazwa kwa koleo mpaka fungu linaonekana kama kamba moja, na kila kilipokazwa kebo za nje zimebonyea. Fungu likiwa huru kidogo linaonekana zembe lakini linapita kipimo.

Ukuta wa kuzuia moto ukitobolewa, tundu lizibwe kwa vifaa vilivyoidhinishwa kwa moto, si povu la kawaida la kuzibia madirisha. Ganda la kebo nalo lichaguliwe kulingana na mahali: uwazi wa dari unaotumika kurudisha hewa ya kiyoyozi unahitaji kebo isiyosambaza moto na moshi. Hapa sina mjadala na mteja anayetaka kuokoa pesa.

Kebo imeanza kubeba umeme pia, na hapo mambo yamegeuka. Kiwango cha kwanza cha PoE, yaani umeme unaopitishwa kwenye kebo ya mtandao, mwaka 2003 kilitoa wati 15.4 kwa kila tundu la swichi. Mwaka 2009 zikawa 30, na cha mwaka 2018 kinafika wati 90. Umeme huo ukipita kwenye fungu nene, kebo za katikati zinapata joto, na kebo yenye joto inapoteza ishara zaidi. Ndiyo sababu mafungu yangu hayazidi kebo 24, hata trei ikiwa na nafasi ya kufunga zote pamoja.

PoE ndiyo iliyoniletea kisa cha kamera zilizokuwa zikizima usiku. Mchana kutwa zilikuwa nzima. Giza likiingia, za mbali zinazima, zinawaka, zinazima tena, na walinzi walishaanza kumnong'ona mwenzao kwamba ndiye anayezichezea. Kilichotokea ni kwamba giza linapoingia kamera huwasha taa zake za infraredi na kuhitaji umeme zaidi. Nilikwangua waya mmoja kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule, waya wa namna hiyo unazuia umeme karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, na kwa mita nyingi volti zinaishia njiani. Kwa data peke yake ulikuwa unapita, kwa sababu ishara za masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya waya, na ngozi ni shaba. Kebo za namna hiyo hazikubaliki kwenye viwango vya Cat 5e wala Cat 6, hata kama boksi limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Sasa kila boksi likifika eneo la kazi, tunalinyanyua kwanza (la alumini ni jepesi, mkono ukishazoea unajua), kisha tunakwangua. Yule mlinzi, kwa habari nilizopata, alibaki kazini.

Kuhusu aina ya kebo, nitasema kifupi kwa sababu maduka yameshasema mengi. Cat 5e imepimwa mpaka megahezi 100, Cat 6 mpaka 250, Cat 6A mpaka 500. Kwa gigabiti 1 mezani, 5e iliyofungwa vizuri inatosha, na inaishinda Cat 6 iliyofungwa ovyo. Gigabiti 10 kwenye Cat 6 zinafika kama mita 55 hali ikiwa nzuri. Cat 6A inazifikisha mita 100 kamili. Kwenye vifaa vya Wi-Fi vya darini mimi huvuta Cat 6A mbili kwa kila kimoja, hata mteja akisema moja inatosha. Kazi ya kupanda dari ni ileile.

Turudi kwenye ile taa. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, na gigabiti 1 inatumia zote nne. Waya mmoja wa kahawia ukiachia kwenye soketi, vifaa vingi vitashuka kimyakimya mpaka megabiti 100, taa itawaka, na mwenye meza ataishi na moja ya kumi ya alicholipia, pengine kwa miaka. Ukiingia kwenye jengo usilolijua, fungua ukurasa wa swichi usome kasi ya kila tundu. Dakika chache zitakuonyesha mengi.

Kwa kazi ya kukabidhi, tunatumia mashine ya kuthibitisha. Hiyo hupima urefu, mpangilio wa nyaya, upotevu wa ishara, kuvujiana kwa jozi, na ishara inayorudi nyuma, kisha inatoa jibu kwa kila mstari. Ni ghali, na mafundi wadogo huikodi, jambo ambalo naliona sawa kabisa. Ila iwekwe sawa kabla ya kuanza: chagua aina halisi ya kebo na kipimo cha mstari wa kudumu, usichague cha njia nzima. Kipimo cha njia nzima kina nafuu zaidi kwa sababu kinahesabu na pachi kodi, na mjanja anaweza kukitumia kupitisha mstari uliofeli. Mstari ukifeli kwa kuvujiana, mashine nyingi zitakuambia ni mita ya ngapi. Karibu kila mara ni mita ya kwanza au ya mwisho, yaani ni mikono. Ikionyesha katikati, kuna kona au kibanio cha kwenda kutafuta.

Lebo ni sehemu ambayo nimebadilika sana. Tulikuwa tunaandika alichotuambia mteja: Uhasibu 3, Mapokezi 1, Meneja. Nikarudi kwenye jengo mojawapo baada ya idara kuhamishwa, nikakuta Meneja iko stoo na Uhasibu 3 iko kwenye chumba cha mikutano. Hakuna aliyekosea. Watu ndio waliohama. Kwa hiyo lebo zangu sasa zinataja mahali na tundu tu: ghorofa, raki, paneli, namba ya tundu. Kama 2B-1-14. Nani amekaa hapo ni habari ya karatasi nyingine, ambayo mteja ataibadilisha mwenyewe. Lebo ya kwanza inaandikwa kwa kalamu kwenye ganda kabla kebo haijavutwa, pande zote mbili na kwenye boksi. Iliyochapwa inakuja baada ya kupima.

Siku ya kukabidhi natoa faili asili la mashine ya kupimia, si picha za kioo chake, kwa sababu faili asili ni gumu kuchezewa na msimamizi mwenye akili ataliomba. Linaambatana na ramani ya ghorofa yenye namba za soketi, orodha ya paneli, na picha za trei zilizopigwa kabla dari haijafungwa. Nakala moja ya karatasi inaingia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mlango wa raki, maana faili la barua pepe huondoka na mtu aliyelipokea. Kisha tunafagia. Vipande vya dari vilivyoshikwa kwa mikono michafu tunavifuta au tunavibadilisha, na vumbi la kutoboa linatolewa hata chini ya meza ambazo hatukuzigusa, kwa sababu mwenye ofisi hatasoma kurasa za vipimo, lakini alama ya kidole juu ya kichwa chake ataiona kila siku na kunipigia simu.